Kufungua Mtungi wa Dawa Bila Kuigusa: Somo la Roboti kwa Wakulima wa Katilu

Katika mashamba ya Katilu yanayopata maji kutoka Mto Turkwel, kazi ya kupiga dawa huanza asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali. Mkulima hufika shambani na pampu ya mgongoni, ndoo ya maji na chupa ya dawa aliyonunua dukani. Akiulizwa ni wakati gani yuko katika hatari kubwa zaidi, mara nyingi atajibu kwamba ni wakati wa kupiga dawa, kwa sababu ndipo dawa inaporuka hewani na kunuka.

Jibu hilo ni kweli nusu. Dawa inayotoka kwenye pampu imekwisha kuchanganywa na maji mengi. Kabla ya hapo kuna dakika chache ambazo mkulima hushika dawa kali yenyewe: anafungua kifuniko, anatoboa karatasi iliyoziba mdomo wa chupa, anapima na kumimina. Katika dakika hizo vidole vyake viko sentimita chache tu kutoka kwenye sumu.

Somo hili linahusu dakika hizo. Linaeleza jinsi viwanda na maabara zilivyoachia mashine na roboti kazi ya kufungua mitungi ya vimiminika hatari, na ni mambo gani kati ya hayo ambayo mkulima, mfugaji au fundi wa Turkana Kusini anaweza kuyafanya leo kwa vifaa vya bei nafuu.

Hesabu ya tone moja

Chukua mfano wa dawa ambayo lebo yake inaagiza mililita 20 kwa pampu ya lita 20. Lita 20 ni mililita 20,000. Ukigawa kwa 20 unapata 1,000. Maana yake ni kwamba dawa iliyo ndani ya chupa ni kali mara 1,000 kuliko ile inayotoka kwenye pampu.

Kwa hiyo mililita moja ya dawa kali ikimwagikia mkononi, ni sawa na kiasi cha sumu kilichomo katika lita nzima ya dawa iliyochanganywa. Hakuna mkulima ambaye angekubali kumwagiwa lita nzima ya dawa mkononi. Lakini mililita moja huchuruzika kwenye shingo ya chupa na kuingia katikati ya vidole bila mtu kushtuka.

Hesabu ya pili inahusu idadi ya mara. Chupa ya lita moja ina mililita 1,000. Kila pampu ikichukua mililita 20, chupa hiyo itajaza pampu 50. Kila mara kifuniko hufunguliwa na kufungwa. Hizo ni nafasi 50 za kumwaga, kurusha tone machoni, au kushika hesi za kifuniko (ile mizunguko ya skrubu) zilizolowa dawa ya jana.

Hatari hii iliongezeka Kenya mwaka 2017, viwavijeshi vamizi walipothibitishwa kuingia nchini na kushambulia mahindi. Wakulima waliokuwa wakipiga dawa mara chache walianza kupiga mara nyingi zaidi, na kila kipindi cha kupiga dawa huanza kwa kufungua kifuniko.

Wafugaji nao hawako mbali na jambo hili. Dawa ya kupe huuzwa ikiwa kali vilevile na huchanganywa na maji kabla ya kuogesha mbuzi, ng'ombe au ngamia. Fundi wa pikipiki hufungua asidi ya betri. Mhudumu wa kisima hufungua mtungi wa klorini. Vimiminika ni tofauti, lakini kitendo ni kilekile.

Joto la Turkana linavyobadilisha mambo

Maagizo mengi ya lebo huandikwa yakifikiria ghala lenye kivuli na baridi kiasi. Turkana si hivyo. Chupa iliyosafirishwa juu ya pikipiki kutoka dukani, au iliyoachwa chini ya mabati tangu asubuhi, hupata joto kali.

Joto hufanya mambo mawili. Kwanza, hewa na mvuke ndani ya chupa hutanuka na kusukuma kifuniko kwa ndani. Ukikifungua ghafla, mvuke hutoka kwa kishindo na huweza kubeba matone ya dawa hadi usoni. Pili, dawa nyingi za maji huwa na kiyeyushi cha mafuta, na kiyeyushi hicho hutoa mvuke mwingi zaidi kinapopata joto. Klorini nayo huharibika kwenye joto na kutoa gesi, ndiyo sababu mitungi yake wakati mwingine huvimba.

Kwa hiyo chupa iliyovimba isifunguliwe mara moja. Iwekwe kivulini, mbali na watoto na chakula, hadi ipoe. Kisha kifuniko kilegezwe robo mzunguko tu, uso ukiwa pembeni wala si juu ya mdomo wa chupa, hewa itoke polepole, ndipo kifunguliwe chote. Chupa iliyopasuka au inayovuja hairudishwi ndani ya nyumba. Afisa wa kilimo wa wadi ajulishwe.

Wazo la kuondoa mkono

Tatizo la kushika kitu hatari bila kukigusa liliwasumbua wanasayansi muda mrefu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, nchini Marekani, mhandisi Raymond Goertz wa maabara ya Argonne alitengeneza mikono ya chuma kwa ajili ya kazi za nyuklia. Mfanyakazi alisimama upande mmoja wa ukuta mnene akishika mpini, na upande wa pili mkono wa chuma uliiga kila alichofanya. Aliweza kushika chupa na kumimina bila mwili wake kufikiwa na mionzi.

Wazo hilo ndilo lililokua na kuzaa mashine za leo. Katika maabara kubwa za hospitali duniani, mashine hufungua vifuniko vya mirija ya damu kwa wingi, hupima, kisha hufunika tena, bila mhudumu kurukiwa na damu. Katika viwanda vya kemikali, mikono ya roboti hufungua mitungi ya asidi na viyeyushi ndani ya chumba cha vioo chenye feni ya kuvuta mvuke nje.

Roboti hufunguaje kifuniko?

Kwa mtu, kufungua chupa ni jambo dogo. Mtoto wa miaka 8 anaweza. Kwa mashine ni kazi ya hatua nyingi, na kila hatua inafundisha jambo.

Hatua ya kwanza ni kuushika mtungi. Kabla ya kugusa kifuniko, mashine huubana mtungi chini na ubavuni ili usizunguke wala usianguke. Ukiachwa huru, mkono wa roboti utazungusha mtungi mzima na kifuniko kitabaki kimefungwa.

Hatua ya pili ni kuona. Kamera husoma lebo au alama za mistari ili kuhakikisha kwamba mtungi ni ule unaotakiwa. Halafu hutafuta katikati ya kifuniko. Ikikosea milimita chache, vidole vya chuma vitabana vibaya na kuvunja plastiki.

Hatua ya tatu ni kubana na kuzungusha. Vidole vitatu vya chuma vyenye mpira hushika kifuniko. Kihisi hupima nguvu ya msokoto. Nguvu ikizidi kiwango kilichowekwa, mashine husimama na kumwita mtu badala ya kulazimisha.

Hatua ya nne ni kupanda. Kifuniko kinapozunguka hupanda kufuata hesi zake. Chukulia kwamba kinapanda milimita 4 kwa kila mzunguko. Mkono wa roboti lazima nao upande milimita 4 kwa kila mzunguko. Ukipanda kwa kasi kuliko hapo, utaunyanyua mtungi. Ukichelewa, utakandamiza hesi hadi ziharibike. Mkono wa binadamu hufanya hivyo bila kufikiri.

Hatua ya tano ni kutoboa na kunyonya. Chini ya vifuniko vingi kuna karatasi ya foili iliyogandishwa kwenye mdomo wa mtungi. Katika mifumo mingine, mashine huingiza sindano nene yenye tundu katikati. Sindano hiyo hutoboa foili, hunyonya dawa, na mwishowe hurusha maji ndani ya mtungi kuusuuza. Dawa haimiminwi hewani hata kidogo.

Hatua ya sita ni kukinga. Chini ya mtungi kuna sinia ya kudaka matone, juu kuna feni ya kuvuta mvuke, na pembeni kuna kitufe chekundu cha kusimamisha kila kitu.

Kifuniko kinachomshinda mtoto, na pia mashine

Mwaka 1967, katika mji wa Windsor nchini Kanada, daktari Henri Breault aliyechoshwa na kutibu watoto waliomeza dawa za nyumbani alihimiza matumizi ya kifuniko kipya. Kifuniko hicho hakifunguki kwa kuzungusha tu. Lazima ukikandamize chini kwanza, kisha uzungushe. Mtoto mdogo hawezi kufanya vitendo hivyo viwili pamoja. Vifuniko vya namna hiyo sasa viko kwenye chupa nyingi za dawa duniani.

Kwa roboti, kifuniko hicho ni mtihani mwingine. Mashine iliyofunzwa kuzungusha tu itazungusha siku nzima bila kufungua. Kuna vifuniko vya kubana pembeni, vya kuvuta pete na vya kukata mkanda wa plastiki. Kila aina huhitaji kidole tofauti na programu tofauti. Vumbi na dawa iliyokauka kwenye hesi huongeza ugumu.

Ndiyo sababu wahandisi wengi walifikia uamuzi kwamba ni heri kubadilisha kifuniko kuliko kuongeza akili ya roboti. Katika jimbo la California, Marekani, tangu miaka ya 1970 sheria ilianza kutaka dawa za maji zenye sumu kali zaidi zihamishwe kwa mfumo uliofungwa, yaani kutoka mtungini hadi tangini bila kupita hewani. Ulaya nako, watengenezaji kadhaa wa dawa walishirikiana kutengeneza kifuniko cha aina moja kiitwacho easyconnect. Hufungwa kiwandani kwenye mitungi yenye mdomo wa milimita 63. Mkulima hakifungui. Huupachika mtungi kichwa chini kwenye kifaa cha kunyonya, hufungua koki, hupima kiasi anachotaka, husuuza, kisha huutoa mtungi ukiwa mtupu na msafi.

Je, roboti ingefaa Katilu?

Roboti ya kufungua mitungi inahitaji umeme usiokatika, mahali pasipo na vumbi, fundi wa kuitengeneza, na mitungi ya aina moja inayoletwa kwa wingi. Mkulima wa Katilu mwenye shamba dogo hununua chupa ya robo lita au lita moja, na msimu ujao huenda akanunua ya kampuni nyingine yenye kifuniko tofauti. Mashine ya bei kubwa ingesimama bila kazi siku nyingi za mwaka, na vumbi na joto vingeimaliza upesi.

Mahali ambapo mashine hufaa ni pale dawa inapotumika kwa mapipa. Turkana ililiona hilo mwaka 2020, kundi la nzige wa jangwani lilipovamia kaunti na Lodwar ikawa miongoni mwa vituo vya kupambana nao. Dawa za nzige nyingi ni za aina ya ULV, ambazo haziongezwi maji kabisa. Hupigwa zikiwa kali kama zilivyotoka kiwandani. Dawa ya namna hiyo haimiminwi kwa kopo. Huhamishwa kwa pampu na mpira kutoka kwenye pipa, na watu waliofunzwa na kuvaa kinga kamili.

Kwa hiyo kinachoifaa Katilu kwa sasa ni kuchukua fikira za roboti na kuziacha nyaya zake. Fikira hizo ni nne: mtungi ushikwe na kitu kingine, si mkono, kifuniko kizungushwe kwa kifaa, dawa inyonywe badala ya kumiminwa, na tone lidakwe kabla halijafika chini.

Vifaa vinavyoweza kupatikana

*Kibao chenye tundu.* Seremala anaweza kukata tundu kwenye ubao mzito kufuata umbo la chupa, akaongeza ubao wa chini ili kibao kisimame imara. Chupa ikiingia humo haianguki, na mkono wa pili hauhitaji kushika shingo yake. Kibao hiki hufanya kazi ya hatua ya kwanza ya roboti.

*Spana ya mkanda.* Mafundi wa magari huitumia kufungua filta ya oili. Iliyo ndogo hufungua kifuniko kigumu bila mtu kutumia meno, kisu au panga. Spana itakayotumika kwa dawa isirudishwe gereji. Iwekwe alama na ibaki kwenye sanduku la dawa.

*Pampu ndogo ya kunyonya.* Kwa mtungi wa lita 5 na zaidi, pampu ya mkono yenye bomba la plastiki huingizwa mdomoni, na dawa hupanda hadi kwenye kikombe cha kupimia. Kamwe dawa isinyonywe kwa mdomo kama watu wanavyonyonya petroli.

*Chupa yenye kikombe chake.* Baadhi ya dawa huuzwa katika chupa yenye shingo mbili. Ukiibinya, dawa hupanda kwenye kikombe chenye vipimo. Duka likiwa nayo, ni bora kuliko chupa ya kawaida hata kama bei imezidi kidogo.

*Sinia.* Sinia pana au karai la plastiki chini ya kibao hudaka matone. Yakidondoka, husuuzwa kwa maji kidogo ambayo humiminwa ndani ya pampu.

Vikundi vya wakulima vinaweza kununua vifaa hivi kwa pamoja na kuviweka mahali pamoja pa kuchanganyia dawa, mbali na mfereji, kisima na nyumba. Wanachama wachache wafunzwe vizuri na wachanganye kwa niaba ya wengine. Watu wanaogusa dawa kali watapungua, na hao wachache watakuwa na glavu nzuri.

Hatua kwa hatua shambani

1. Soma lebo kabla ya kufungua. Angalia rangi ya ukanda ulio chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali zaidi, manjano hufuata, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo zaidi. Kijani haina maana kwamba dawa inaweza kunywewa.

2. Vaa kinga kabla ya kugusa chupa, si baada ya kuchanganya. Glavu ziwe za nitrili au mpira mzito. Glavu nyembamba za hospitali hazitoshi, kwani kiyeyushi cha dawa hupenya. Vaa miwani ya kukinga macho, ovaroli na gambuti. Suruali ikae nje ya gambuti ili tone lisiingie ndani.

3. Chagua kivuli na saa za asubuhi. Simama upepo ukipita ubavuni, usikupige usoni.

4. Weka chupa kwenye kibao na kibao kwenye sinia. Jaza pampu maji hadi nusu kwanza.

5. Legeza kifuniko robo mzunguko na usubiri. Kisha kifungue chote. Foili ibanduliwe au itobolewe kwa kifaa kilichotengwa kwa kazi hiyo, uso ukiwa mbali.

6. Kama ni lazima kumimina, shika mtungi ili mdomo wake uwe upande wa juu, si wa chini. Hewa itaingia dawa inapotoka, na dawa haitaruka kwa vishindo.

7. Funga kifuniko mara moja, kabla ya kushughulikia pampu. Chupa iliyo wazi isiachwe hata kwa dakika moja.

8. Osha glavu kwa sabuni zikiwa bado mikononi, kisha zivue.

Mtungi mtupu bado una dawa

Jambo la kawaida katika manyatta na vijiji ni mama kumwambia kijana aliyetoka shambani, "Mwanangu, huo mtungi usiutupe, nitaenda nao kuteka maji." Maji ni ya shida, na mtungi mzuri una thamani. Kijana anayempenda mamake ajibu, "Mama, huu hapana," kisha autoboe.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Chukulia kwamba mililita 20 za dawa hubaki zimeshika kuta za mtungi wa lita moja. Ukiusuuza kwa mililita 250 za maji, ukatikisa vizuri na kumwaga ndani ya pampu, hubaki karibu mililita 1.5 za dawa. Ukirudia, hubaki kama 0.11. Mara ya tatu, hubaki kama 0.008.

Ukichukua maji yote hayo, mililita 750, ukasuuza mara moja tu, hubaki karibu mililita 0.5. Kiasi cha maji ni kilekile, lakini sumu iliyobaki ni zaidi ya mara 60. Ndiyo sababu maagizo husema suuza mara tatu. Maji ya kusuuzia humiminwa ndani ya pampu na kupigwa shambani, si kwenye mfereji.

Hata baada ya kusuuzwa mara tatu, mtungi wa dawa hauwekwi maji, maziwa wala mafuta ya kupikia. Plastiki hunyonya dawa na kuitoa baadaye. Utobolewe, uwekwe mahali palipofungwa, na afisa wa kilimo aulizwe utapelekwa wapi. Usichomwe nyumbani, kwani moshi wake ni sumu. Usitupwe mtoni. Mto Turkwel unaopita Katilu huendelea hadi Lodwar na kuelekea Ziwa Turkana, na baadhi ya dawa za wadudu huua samaki hata zikiwa kidogo sana.

Dawa ikimgusa mtu

Ikimwagikia ngozi, nguo zote zilizolowa zivuliwe hapo hapo, kisha mwili uoshwe kwa sabuni na maji mengi. Maji ya kunawa yawe tayari kabla chupa haijafunguliwa. Kukimbia kutafuta maji baada ya ajali ni kuchelewa.

Ikiingia machoni, macho yasuuzwe kwa maji safi yanayotiririka polepole kwa muda usiopungua dakika 15, kope zikiwa wazi.

Ikimezwa, mgonjwa asilazimishwe kutapika. Asipewe maziwa pia. Wengi huamini kwamba maziwa huua sumu, na katika jamii ya wafugaji maziwa huwa karibu. Lakini maziwa si dawa ya sumu hizi, na mgonjwa anayepoteza fahamu huweza kupaliwa nayo. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa au lebo yake.

Dalili za sumu ya dawa nyingi za wadudu ni jasho jingi, mate kutoka, mboni za macho kuwa ndogo, kichefuchefu, misuli kutetemeka na kupumua kwa shida. Hospitalini, baadhi ya sumu hizo hutibiwa kwa atropini. Lebo humsaidia daktari kujua kama ni mojawapo ya hizo, ndiyo sababu chupa isiachwe nyuma.

Wajibu wa kila mmoja

Katiba ya mwaka 2010 iliweka huduma za kilimo mikononi mwa serikali za kaunti, na afisa wa kilimo wa wadi yuko kwa ajili ya kutoa ushauri huu. Usajili wa dawa ni kazi ya serikali ya kitaifa kupitia bodi inayosimamia dawa za wadudu chini ya Sura ya 346 ya Sheria za Kenya. Dawa isiyo na lebo, au iliyomiminwa kwenye chupa ya soda na kuuzwa kwa vipimo vidogo, isinunuliwe. Chupa ya soda haina kifuniko cha kumzuia mtoto, na mtoto huijua kwa jina moja tu: soda.

Anayemwajiri kibarua kupiga dawa ana wajibu wa kumpa kinga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka hivyo. Glavu na miwani ni sehemu ya gharama ya kazi, sawa na dawa yenyewe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Dawa ina kipimo cha mililita 40 kwa pampu ya lita 20. Ni kali mara ngapi kuliko ile iliyochanganywa? Chupa ya lita moja itafunguliwa mara ngapi? (Jibu: mara 500; mara 25.)

2. Mahali penu pa kuchanganyia dawa pako umbali gani kutoka mferejini? Je, kuna maji na sabuni hapo kabla ya kazi kuanza?

3. Nani katika kikundi anaweza kutengeneza kibao chenye tundu, na kwa chupa za ukubwa gani?

4. Mitungi mitupu ya msimu uliopita iko wapi sasa? Ihesabuni kabla ya mkutano ujao.